Injini Ilipozimwa

Sini ya 14, yaani tukio la 14 la filamu, niliitungia muziki mara saba, na mara zote saba niliuondoa. Ni sini ya dakika mbili na ushei. Lori linapanda ukingo wa Bonde la Ufa, kutoka Saranda kwenda Manyoni, jua linazama mbele ya kioo, na ndani ya kabini wamekaa kaka na dada ambao hawajasemeshana tangu asubuhi. Kaka ameshika usukani. Dada ameegemeza kichwa dirishani. Hakuna neno linalosemwa. Mwoneshe mtunzi yeyote wa muziki wa filamu sini kama hiyo, atakwambia hapo ndipo anapostahili ujira wake. Mimi pia niliamini hivyo.

Filamu ni tamthilia ya safari. Baba yao alikuwa dereva wa malori. Amefariki, na baada ya arubaini wamegundua kwamba alikuwa na nyumba nyingine Kigoma, mke na watoto wawili. Mali pekee aliyoacha ni lori. Wanalipeleka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam, wakakae na wenzao waamue la kufanya. Basi. Hakuna majambazi wala mapenzi. Kuna barabara, na watu wawili waliokasirikiana kwa ajili ya mtu wa tatu ambaye hayupo tena wa kuulizwa.

Mwongozaji aliponipigia simu alisema, “Kaka, nataka udi peke yake. Okestra ya kwenye kompyuta sitaki.” Nilifurahi mno. Sikujua kwamba amenipa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kushika.

Mimi ni mtu wa Unguja. Udi nilifundishwa nikiwa na miaka 14 na mzee wa taarabu, barazani kwake Malindi ya hapa Unguja, bila karatasi hata moja. “Sikiliza kwanza, mwanangu,” alikuwa akiniambia, “mkono utafuata.” Bashraf, zile nyimbo za ala tupu, nilizijua kwa kuzisikia jioni baada ya jioni, mpaka nikawa naziota. Na katika taarabu ya asili kuna jambo ambalo mkono hulizoea bila mwenyewe kujua: mwimbaji akipumzika, ala hujibu. Fidla, kanuni, akodian, udi, wote wanafuata njia moja ya sauti, kila mmoja akiipamba kwa namna yake, na pale sauti ya mtu inaponyamaza, sisi tunaingia. Nafasi ikibaki wazi mpigaji anaonekana amelala. Nilikaa na malezi hayo zaidi ya miaka 20. Kwa taarabu ni malezi matukufu. Ndiyo yaliyoniharibia sini ya 14, na ilinichukua muda mrefu kuyatambua.

Filamu iliyonifungua masikio niliiona kwa DVD mwaka 2007, chumbani kwa rafiki yangu Kariakoo. Ni The Motorcycle Diaries, iliyoongozwa na Mbrazili Walter Salles na kutoka mwaka 2004. Inasimulia safari ya Ernesto “Che” Guevara, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 23, na rafiki yake Alberto Granado, walipoondoka Argentina mwaka 1952 kwa pikipiki kuukuu aina ya Norton waliyoibandika jina La Poderosa, yaani Yenye Nguvu. Pikipiki hiyo haikuwa na nguvu kama jina lake. Ilikufa wakiwa Chile, wakaendelea kwa miguu na lifti hadi Peru, kisha kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma kando ya mto Amazon, na mwisho Venezuela. Mimi wakati ule sikuifuata hadithi vizuri, maana maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na yalipita mbio. Nilifuata nyuzi. Kulikuwa na ala ndogo inayolia kama inayoongea peke yake, nyuzi pachapacha kama za udi, na mpigaji alikuwa anazigusa mara chache tu kisha anaziacha zilie mpaka zife zenyewe. Nilimwambia rafiki yangu arudishe. Tuliirudisha mpaka akachoka na mimi.

Ala ile ni ronroko, ndugu mkubwa wa charango ya watu wa Andes: nyuzi 10 katika jozi tano. Mpigaji na mtunzi ni Gustavo Santaolalla, Muargentina aliyezaliwa mwaka 1951. Nilipoanza kumfuatilia niligundua kwamba hakuingia kwenye filamu kwa mlango wa mbele. Ujanani alikuwa na bendi, Arco Iris, iliyochanganya roki na ngoma za kwao. Mwaka 1978, Argentina ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, alihamia Los Angeles, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ikawa kutayarisha albamu za wengine, Café Tacvba wa Meksiko na Juanes wa Kolombia wakiwamo. Mwaka 1998 alitoa albamu ya ala tupu na kuiita kwa jina la ala yenyewe, Ronroco. Mwongozaji Michael Mann akachukua kipande kimoja cha humo, “Iguazu”, akakitia kwenye filamu yake The Insider ya mwaka 1999. Baadaye zikafuata Amores Perros, 21 Grams, kisha pikipiki.

Katika albamu hiyo ya 1998 kuna kipande kinachoitwa “De Ushuaia a La Quiaca”. Ushuaia ni mji wa kusini kabisa ya Argentina, La Quiaca uko kaskazini mpakani na Bolivia. Yaani kipande kilikuwa tayari kimebeba safari nzima ya nchi, na kilikaa miaka sita kabla ya filamu ya safari kukikuta. Nikikumbuka hilo nafarijika sana, kwa sababu nina kasha zima la kanda za vipande nilivyopiga usiku bila kujua ni vya nini.

Jambo jingine lililonigusa ni kwamba Santaolalla hasomi nota wala haandiki. Mimi nilikuwa nimeificha aibu hiyo kwa miaka. Kwenye studio za Dar, kijana anayejua kibodi akitaja majina ya vituo vya sauti vya kizungu, nilikuwa naitikia kwa kichwa kisha natafuta kwa sikio. Huyu mtu alipata Oscar ya muziki kwa Brokeback Mountain akiwa na miaka 54, na mwaka uliofuata akapata nyingine kwa Babel. Muziki mwingi wa Brokeback Mountain aliutunga kabla kamera haijaanza kuzunguka, kwa kusoma mswada na kuongea na mwongozaji. Na katika Babel, filamu inayoruka kutoka Moroko hadi Meksiko hadi Japani, ala aliyoishika mkononi ni udi. Nilipolijua hilo nilitoka nje nikasimama barabarani kidogo. Udi wetu.

Sasa turudi kwenye lori. Mhariri wa picha ni mtu mwema na ana sikio zuri, na kwa sababu hiyo alinitega bila kukusudia. Wakati anaunganisha picha, kabla mimi sijatunga chochote, alihitaji muziki wa muda ili apate mwendo. Chini ya sini ya 14 akaweka kile kipande cha Ushuaia. Kilikaa vizuri ajabu. Mwongozaji alikizoea, mimi nilikizoea, na tangu siku hiyo kila nilichotunga kilikuwa ni kipande kile kimevaa kanzu. Mara ya kwanza nilibadilisha makamu, yaani mpangilio wa vituo vya sauti. Mara ya pili nikabadilisha mwendo. Mara ya tano nikaongeza kanuni na fidla, kinyume na agizo, nikijidanganya kwamba tatizo ni wembamba wa sauti. Ukisikia kazi yako na ukajua inatoka kwa nani hata kabla ya wewe kuanza, hiyo si kazi yako. Niliona aibu, nikafuta.

Utayarishaji ulikuwa na wiki sita mbele. Nikamwomba mwongozaji ruhusa ya wiki moja, nikatafuta lori la kweli linalokwenda Kigoma.

Dereva alikuwa mzee wa makamo, mkimya, utingo wake akimwita Suka. Tulivuka mizani ya Vigwaza usiku, tukafika Dodoma asubuhi tukalala saa chache chini ya mwembe. Njia nzima redio ilikuwa inaimba: dini, mpira, singeli, dini tena. Tulipopita Bahi na ukingo wa bonde ukaanza kuonekana mbele yetu, mzee akanyoosha mkono akaizima.

“Mzee, mawimbi yamekatika?” nikamuuliza.

“Yapo. Mlima huu siupandi na redio,” akasema. “Hapa gari linaongea. Ukiweka muziki hulisikii.”

Alikuwa anasikiliza mluzi wa tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, akisikiliza gia inavyoshika, akisikiliza tairi moja la nyuma ambalo hakuliamini. Hakugeuka kunitazama hata mara moja. Nilikaa pale nikaona kwamba hii ndiyo sini ya 14, ile ile, na mtu aliye kwenye usukani amefunga muziki kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ana kitu cha kusikiliza. Na mimi mara saba nimemfungulia.

Juu kabisa, kabla ya Manyoni, akaegesha pembeni. Hakuzima mara moja. Aliiacha injini ingurume papo hapo dakika kadhaa ili tabo ipoe. Utingo akashuka na kipande cha chuma, akaanza kugonga matairi moja moja, kichwa amekiinamisha, akisikiliza lipi limepungua upepo. Tairi lililojaa linalia juu, lililopungua linajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Kisha mzee akazima.

Wanaosafiri kwa malori wanaujua ule ukimya. Masikio yanabaki yanavuma. Halafu taratibu vitu vinarudi: wadudu, kamba inayopiga turubai, chuma kinachopoa na kulia tik, tik. Na katika ukimya ule mzee, akiwa bado amekaa, mikono juu ya usukani, akaanza kuimba chini chini wimbo ambao sikuujua, wa lugha ya kwao. Labda hakujua kama anaimba. Aliimba mistari mitatu, akashuka kwenda kuangalia tairi lake.

Hapo nilipata filamu nzima.

Tulipita Itigi, tukaingia ile misitu ya miyombo ya Tabora ambako asali inauzwa kandokando ya barabara kwenye chupa za maji, tukavuka Malagarasi, tukapita Uvinza kwenye chumvi, na kila tuliposimama nilikuwa naandika kitu kimoja kwenye simu: injini imezimwa saa ngapi, na nani alisema nini kwanza. Wakati wote gari likiwa linakwenda, watu hawasemi jambo zito. Wanasema likishasimama. Nikakumbuka kwamba hata wale vijana wa mwaka 1952, ni pikipiki ilipokufa ndipo walipoanza kukutana na watu uso kwa uso, wakiwamo mke na mume waliokuwa wanatafuta kazi ya mgodini katika jangwa la Chile.

Kigoma nilikaa siku mbili ufukweni. Niliwaza kuhusu huyo huyo Guevara, ambaye Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande huu kwenda Kongo kupigana, na miezi saba baadaye akarudi akiwa ameshindwa. Kule msituni jina lake la vita lilikuwa Tatu. Neno letu la kawaida kabisa, la kuhesabia. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu pikipiki. Sikuhitaji jambo hilo kwa kazi yangu, lakini ukikaa pale jioni na maji yakiwa meusi huwezi kuacha kuliwaza.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa fundi sauti, nikamwomba anifungulie mngurumo wa injini peke yake, bila picha. Nilitaka kujua kwa nini udi wangu ulikuwa unasikika kama una homa kila lori likiwa kwenye picha. Akanieleza, na hesabu ni nyepesi. Lori la kwenye filamu lina injini ya silinda sita. Ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, ni mara 20 kwa sekunde, na katika kila mzunguko silinda tatu huwaka. Mara tatu ishirini ni milipuko 60 kwa sekunde, na milipuko 60 kwa sekunde si kelele tu, ni sauti yenye kituo. Uzi wangu mzito nilikuwa nimeufunga kwenye mitikisiko 65 hivi. Sauti mbili zilizokaribiana namna hiyo hugongana. Hapa ziligongana mara tano kila sekunde. Ndiyo homa yenyewe.

Tofauti kati ya kituo cha uzi wangu na kile cha injini ni kama robo tatu ya sauti nzima. Kibodi ya kijana wa studio haina kituo hapo. Lakini aliyelelewa na makamu za Rasti na Bayati anaijua robo tatu kama anavyoijua njia ya kwenda nyumbani. Nikaulegeza uzi mpaka ukalala juu ya injini na kutetemeka kukaisha. Fundi sauti akacheka kwa furaha. Akaniambia kitu kimoja zaidi: gari likiwa limesimama, injini inanguruma kwa mizunguko kama 600, nusu ya ile, kwa hiyo sauti ni ile ile, ila imeshuka ngazi nzima, yaani oktava.

Basi nikajua la kufanya na baba yao. Filamu nzima haioneshi sura ya yule marehemu, lakini lori ni lake, na mngurumo ule ndio uliokuwa ukiwaamsha watoto alfajiri anapoondoka. Nilimwambia mwongozaji: sini ya 14 tuiache injini peke yake. Sini ya 15, wamesimama, injini inanguruma, kaka anazima. Tunahesabu sekunde sita za ukimya. Kisha udi unaingia kwa uzi mzito peke yake, kwenye kituo kile kile cha injini. Pigo moja, liachwe life. Halafu jingine.

Hakukubali mara moja, na simlaumu. “Dakika mbili bila muziki, watu watatoa simu,” alisema. Tukakaa naye na mhariri tukaangalia zote mbili, yenye muziki na isiyo nao. Katika ile isiyo na muziki tulisikia kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia kwa miezi mitatu: bangili ya dada. Kichwa kimeegemea dirishani, mkono chini ya shavu, na mtetemo wa lori unaifanya bangili igonge kioo, kidogo kidogo, haraka gari likivuta, polepole likilegea. Kinasa sauti kilikuwa kimeichukua siku ile ile ya kupiga picha. Mimi ndiye niliyekuwa nimeifunika. Mwongozaji alinyamaza, akasema, “Iache. Iache kama ilivyo.”

Nimesoma kwamba Hans Zimmer, alipotunga muziki wa Rain Man mwaka 1988, alikwepa makusudi magitaa na fidla ambazo filamu za barabarani huwekewa, akatumia kinanda cha umeme na ngoma za chuma, kwa sababu yule Raymond, mhusika mwenye usonji aliyemo ndani ya gari, haijui dunia anayopitishwa. Muziki ulikuwa wa abiria, si wa barabara. Naamini hivyo kabisa. Mandhari ya Saranda haihitaji mtu wa kuyasifia kwa udi. Kamera imekwisha kuyaona.

Mkato wa kwanza ulikuwa na dakika 51 za muziki wangu katika filamu ya dakika 98. Ule wa mwisho una dakika 19. Malipo hayakupungua, maana safari hii nilikuwa na mkataba ulioandika kazi kuwa filamu nzima, si dakika. Wapigaji wenzangu mnaoanza, sainini kabla ya kupiga hata uzi mmoja, na muziki mkausajili; kwetu Zanzibar kuna COSOZA, ya hakimiliki. Kazi yangu ya kwanza niliifanya kwa maneno matupu, na kipande changu nikaja kukisikia kwenye tangazo la biashara.

Mapigo ya sini ya 15 sikuyatoa Argentina. Nilipoacha kuigiza ronroko, mkono ulirudi wenyewe barazani Malindi. Mwalimu wangu alikuwa na taksimu zake, zile za kupiga peke yake kabla ya wimbo, na ndani yake alikuwa anasimama. Anapiga, anasimama, watu wanashusha pumzi, anaendelea. Utotoni nilidhani anatafuta la kupiga. Nilijifunza bashraf zake zote nikaziacha taksimu, kwa kuwa sikuona ndani yake cha kujifunza.

Sasa ni mzee sana na macho yamepungua. Filamu ilipokamilika nilimpelekea, nikaweka spika ndogo juu ya baraza, nikamsimulia kwa ufupi nani ni nani. Hakutazama picha. Sini ya 14 ilianza, lori likapanda, mimi roho ikinidunda kwa sababu udi haupo na yeye alikuja kuusikia udi. Akainua kiganja, kama mtu anayeomba asisemeshwe. Bangili ikagonga, ikagonga. Injini ikanguruma papo hapo, ikazimwa. Kimya. Kisha uzi mzito ukaingia, akainamisha kichwa.

“Umeulegeza,” akasema.

“Ndiyo, Mwalimu. Nimeufuatisha injini.”

Alisubiri mpaka pigo la mwisho likafa, na baada yake akasubiri tena. Gari la maji lilipita uchochoroni, tukaliacha lipite.

“Hebu rudisha,” akaniambia.

Nikarudisha pale udi unapoingia. Akanishika mkono.

“Huko siko. Nirudishie kwenye lori.”